Damu isiyomwagika nayo yafaa kuhesabiwa

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuitumia kuwasema jamaa na majirani wenye hila, hata tumesahau kwamba yaweza kusemwa juu ya kitu kisicho na hila wala nia, kama vile kaa la moto. Leo ningependa kuitumia kwa maana hiyo. Sababu yangu ni jambo lililompata shangazi yangu, na mchango wangu mimi mwenyewe katika jambo hilo. Nilisomea lugha hadi nikatunukiwa shahada ya uzamifu, lakini asubuhi moja nilikaribia kumwangamiza shangazi kwa tafsiri isiyokuwa na kosa hata moja.

Ulikuwa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita, wakati ambapo nyanda za juu hufunikwa na ukungu tangu alfajiri hadi karibu adhuhuri. Shangazi alikuwa ameugua uvimbe wa kizazi kwa muda mrefu. Haukuwa saratani, lakini ulimfanya atokwe na damu nyingi kila mwezi, akadhoofika na kuishiwa nguvu. Hatimaye alikubali kupasuliwa. Kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na nyumbani, naye alitakiwa kufika mapema kabla ya kutia chochote kinywani, alikodi chumba cha mabati karibu na lango la hospitali, akalala humo pamoja na binti yake. Mimi nilitoka Nairobi usiku nikawakuta wodini saa moja asubuhi.

Nilimkuta shangazi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ametapika mara mbili, ingawa tumboni hamkuwa na kitu. Muuguzi alitutuliza, akasema kwamba wagonjwa wengi huwa hivyo siku ya kupasuliwa kwa sababu ya hofu. Alimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni; kikaonyesha 98 kwa mia. Sote tulifurahi. Kisha ikaletwa fomu, nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi alinitazama mimi msomi, nami nikaichukua kwa bashasha.

Nilimsomea shangazi maswali yote kwa lugha yetu ya nyumbani. Je, una ugonjwa wa sukari? Je, kuna dawa inayokudhuru? Je, umewahi kupasuliwa? Nilipofika penye swali la sigara, shangazi alicheka licha ya maumivu yake. "Mimi, mwanangu? Tangu lini ukaniona na sigara?" Nikaandika kwamba havuti. Sikukosea neno. Swali lilikuwa limefasiriwa sawasawa na jibu lilikuwa la kweli, lakini la muhimu kuliko yote halikusemwa.

Aliyetuokoa ni mtaalamu wa nusukaputi, mzee mwenye mvi aliyekuja kumwona mgonjwa wake kabla ya kumlaza. Hakuigusa ile fomu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akauliza, "Mama, usiku mmelala wapi?" Shangazi akamweleza habari za chumba cha kukodi. "Na baridi hii yote, mliota nini?" "Tuliota jiko, daktari. Lakini lilikuwa limekwisha kutoa moshi ndipo tukaliingiza ndani." Mzee yule akamgeukia binti aliyekuwa amesimama kimya kando ya ukuta. "Na wewe, mwanangu, kichwa chauma?" Binti akakiri kwamba kilimgonga tangu alipoamka, ila aliona aibu kulalamika mbele ya mgonjwa. Mzee akatikisa kichwa, akatuambia kwamba kichwa cha binti hakiwezi kuuma kwa sababu mama yake ataka kupasuliwa.

Upasuaji ukaahirishwa papo hapo. Shangazi na binti yake walivishwa barakoa za oksijeni kwa saa kadhaa. Hospitali haikuwa na mtambo wa kupima ile gesi katika damu. Mzee alitegemea swali lake na uzoefu wake tu. Siku mbili baadaye shangazi alipasuliwa, akapoteza damu nyingi kama ilivyotarajiwa, akaongezwa ya wafadhili, akapona. Mlango wa chumba kile ulikuwa umepinda, ukaacha mwanya chini. Nadhani mwanya huo ndio uliotuepusha na maziko mawili kabla hata ya habari za upasuaji.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa lililokuwa likitukia, na sina budi kumshirikisha msomaji, kwa kuwa bila kulielewa hili hatutaona haja ya kubadilisha chochote.

Ndani ya kila chembe nyekundu ya damu mna protini iitwayo hemoglobini, na kila molekuli yake ina nafasi nne za kubebea oksijeni. Tuifananishe na teksi yenye viti vinne. Teksi hiyo hupakia abiria mapafuni, ikawashusha kwenye ubongo, moyo na figo, kisha ikarudi kupakia wengine. Kaa linapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikivutwa huingia katika teksi zile zile na kuvikalia viti vile vile, na huving'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa chache hewani, ikipewa usiku mzima hujaza viti vingi. Ubaya wake hauishii hapo. Abiria huyo akishaketi, huwafanya abiria wa oksijeni waliosalia katika teksi ile wasitake kushuka vituoni. Teksi yaenda na kurudi, lakini ubongo na moyo vyabaki vikingoja.

Sasa tuulinganishe usiku huo na kumwaga damu. Mtu akitokwa na damu, teksi zenyewe hupungua barabarani. Akivuta gesi hii, teksi zote zipo, lakini nyingi zimekaliwa na wasioshuka, na zilizobaki hushusha kwa shingo upande. Ndiyo maana hasara ya namna hii ni mbaya kuliko upungufu wa damu wa kawaida wa kiasi kile kile. Mtu aliyepungukiwa polepole na nusu ya hemoglobini yake kwa sababu ya minyoo au hedhi nzito aweza bado kutembea, ingawa kwa kuhema. Mtu ambaye nusu ya hemoglobini yake imetwaliwa na gesi hii aghalabu huwa hajitambui, na yumo hatarini kufa. Hesabu ni moja, lakini hali zao hazifanani hata kidogo.

Hebu tutie tarakimu, kwa mfano tu. Tuseme mgonjwa aingia chumba cha upasuaji akiwa na gramu 10 za hemoglobini katika kila desilita ya damu, kiwango ambacho si kigeni kwa mwanamke mwenye uvimbe wa kizazi. Tuseme pia kwamba usiku wa jiko umetwaa sehemu moja kati ya tano ya hemoglobini hiyo. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza lita moja mezani, na nafasi yake ikajazwa kwa maji ya chumvi ya mshipani, kipimo kitashuka kutoka 10 hadi 8. Daktari ataiona 8 hiyo, ataona kwamba mgonjwa bado anastahimili, naye ataendelea na kazi. Lakini ndani ya 8 hiyo, moja kati ya tano haifanyi kazi. Iliyobaki ni 6.4, na hata hiyo huishika oksijeni kwa uchoyo. Daktari atakuwa akimtibu mgonjwa aliyemo katika karatasi, si yule aliyelala mbele yake.

Msomaji atauliza: je, vipimo navyo? Hapa ndipo penye mtego. Kipimo cha kawaida cha hemoglobini huhesabu teksi zilizopo barabarani. Hakiulizi zimembeba nani. Nacho kile kifaa cha kidoleni hutazama rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyotekwa na kaboni monoksidi hung'aa wekundu unaokaribiana na ule wa damu yenye oksijeni. Kifaa huona viti vimejaa, kikatangaza 98 kwa mia. Hakikusema uongo kwa kusudi. Hakikutengenezwa kutofautisha abiria. Vipo vifaa vinavyoweza kutofautisha, lakini katika hospitali nyingi za ngazi ya chini huvikuti.

Elimu hii si ngeni. Claude Bernard aliieleza huko Ufaransa mnamo 1857, alipoonyesha kwamba gesi hii huifukuza oksijeni kutoka katika damu. Mnamo 1895, John Scott Haldane wa Uingereza alichapisha habari za majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akivuta gesi hiyo na kuandika jinsi akili na miguu vilivyomwacha. Yeye ndiye aliyewashauri wachimbaji wa makaa ya mawe wachukue panya au ndege wadogo migodini, kwa kuwa viumbe hao huzidiwa mapema kuliko binadamu. Uingereza iliamua kuwaachisha ndege hao kazi mwaka 1986 tu. Ikumbukwe kwamba mchimbaji alipewa ndege kwa sababu ilikubaliwa kuwa pua na macho yake havitoshi. Mgonjwa wetu atokaye katika chumba cha mabati hapewi ndege wala swali.

Wala asidhani mtu kwamba nchi tajiri zimesalimika. Mnamo miaka ya 1990, wataalamu wa nusukaputi nchini Marekani waliona ajabu moja: wagonjwa kadhaa walipata sumu ya kaboni monoksidi wakiwa mezani mwa upasuaji, na aghalabu ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi. Uchunguzi ukafichua sababu. Mashine ya nusukaputi ina chokaa maalumu ya kunyonya kaboni dioksidi ambayo mgonjwa huitoa anapopumua. Mashine zilipoachwa Ijumaa oksijeni ikipita ndani yake, chokaa hiyo ilikauka kabisa kufikia Jumatatu, na dawa fulani za nusukaputi zilipoigusa ikiwa kavu zilizalisha kaboni monoksidi. Kitu kilichowekwa kuondoa gesi moja kikawa kinatengeneza nyingine iliyo mbaya zaidi. Vifaa vya vidoleni havikupiga kengele. Wenzetu hao hawakusema kwamba jambo ni dogo au nadra. Waliandika, wakaonyana, wakabadilisha mazoea ya kuzima mashine, na watengenezaji wakabuni chokaa isiyo na kasoro hiyo. Ikiwa chanzo kilichokuwa ndani ya mashine kilistahili juhudi zote hizo, je, chanzo kilicho katika vyumba vya kulala vya maelfu ya watu chastahili nini?

Nasema maelfu bila kutia chumvi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya hupikia kuni, na zaidi ya moja katika kila kumi hutegemea makaa. Msimu wa baridi, katika Limuru, Molo, Kinangop na miinuko mingineyo, jiko lililopikia chakula cha jioni ndilo liletalo joto la usiku. Na si baridi pekee. Kuna mama achomaye mahindi kutwa kucha uso wake ukiwa juu ya makaa, na kuna mwenye kibanda cha chakula kisichokuwa na dirisha. Hawa wote wakiulizwa kama wanavuta sigara watajibu la, tena kwa kuudhika.

Sisemi kwamba swali la sigara ni la bure. Moshi wa sigara una gesi hii hii, na mvutaji mzito aweza kuwa nayo katika takriban sehemu moja kati ya kumi ya hemoglobini yake. Ndiyo maana madaktari humsihi aache kuvuta angalau tangu siku iliyotangulia upasuaji. Ninachosema ni kwamba swali hilo lilitungwa mahali ambapo moshi mkuu aujuao mtu ni wa sigara. Lilipoletwa kwetu lilifasiriwa maneno, lakini hakuna aliyeifasiri nia yake. Aliyelitunga alitaka kujua kama damu ya mgonjwa imechafuliwa na kilichoungua. Kwa lugha ya maisha yetu, swali hilo ni hili: umelala na moto gani?

Nami niliye mwanaisimu naona kwamba maneno yetu wenyewe yamechangia kutupofusha. Tuchukue neno moshi. Shangazi alijua kabisa kwamba moshi waua. Ndiyo sababu alingoja jiko liwe jekundu, moshi uishe, kisha akaliingiza. Kwa akili yake, na ya wengi wetu, hatari ilikuwa imebaki nje. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi ndani ya chumba kilichofungwa huendelea kutoa kaboni monoksidi. Tunapohubiri dhidi ya moshi pekee, twawafundisha watu kungoja hadi dalili iondoke, huku hatari yenyewe ingalipo.

La pili ni kauli ya kukosa hewa. Kila mwaka sisi waandishi na wasomaji wa magazeti hukutana na habari za jamaa waliokutwa wamekufa kando ya jiko, nasi huandika kwamba walikufa kwa kukosa hewa. Kauli hiyo humfanya msomaji adhani kwamba hewa ilikwisha chumbani, kama maji yaishavyo mtungini, na kwamba mtu angeamka alipohisi imepungua. Si hivyo. Aghalabu oksijeni ilikuwamo chumbani. Ni damu iliyokuwa haiwezi kuichukua. Wala hakuna anayeamshwa, kwa kuwa gesi hii haimbani mtu pumzi kama mto uliofunikwa usoni. Humwongezea usingizi tu. Na kwa kuwa twasema hewa ilikosekana, twadhani pia kwamba aliyeamka na kutoka nje amekwisha kupona papo hapo. Kumbe kwa kupumua hewa safi ya kawaida huchukua takriban saa 4 au 5 kwa nusu tu ya gesi hiyo kuondoka katika damu. Aliyetoka chumbani saa kumi na moja alfajiri hufika mezani mwa upasuaji saa mbili akiwa bado na zaidi ya nusu ya mzigo wake. Kwa barakoa ya oksijeni tupu muda huo hupungua hadi saa moja au moja na nusu hivi. Ule uamuzi wa mzee wa kuahirisha haukuwa woga, bali hesabu.

La tatu ni jina lenyewe. Neno hewa ya ukaa sasa limekwisha kuchukuliwa na kaboni dioksidi. Twalisikia katika habari za mabadiliko ya tabianchi na biashara ya misitu. Lakini wako wanaolitumia pia kwa kaboni monoksidi, kwa kuwa zote mbili zatokana na ukaa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaambiwa hewa ya ukaa hutoka puani mwake kila mara apumuapo na kwamba mimea huihitaji. Kisha kesho aambiwa hewa ya ukaa imeua watu watano. Lipi alishike? Napendekeza hewa ya ukaa iachiwe kaboni dioksidi. Vitabu vya sayansi na viendelee na kaboni monoksidi, neno lililokwisha kutoholewa na kuzoeleka. Lakini kliniki, redio na baraza la chifu zahitaji jina ambalo bibi atalielewa bila kamusi, nami naona sumu ya makaa latosha. Latangulia kusema kwamba ni sumu, lataja itokako, wala halitaji moshi.

Kuna watakaosema kwamba haya ni anasa ya wasomi. Hospitali zetu zina upungufu wa damu, umeme hukatika, wahudumu ni wachache, nami naleta hadithi za majina. Nakubali kwamba matatizo hayo ni makubwa. Lakini ni kwa sababu damu ni haba ndipo tusipoteze ile ambayo mgonjwa anayo. Taifa hili lajua thamani ya damu inayoonekana. Mabomu yalipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, Wakenya walipanga foleni kutoa damu bila kuulizana kabila wala dini. Kila mfadhili hutoa takriban mililita 450. Tukiweza kumrudishia mgonjwa kiasi kama hicho, au zaidi, kwa barakoa ya oksijeni na siku moja ya subira, bila kumwomba mtu yeyote mkono wake, je, hiyo si akiba? Isitoshe, mfadhili avutaye sigara huichanga na gesi iliyomo katika damu yake. Hilo si sababu ya kumfukuza, kwa kuwa damu yake yahitajika. Ni sababu ya kumwomba astahi kuvuta kwa saa kadhaa kabla ya kuja.

Wengine watahofu kwamba swali hili litachelewesha upasuaji wa dharura. La hasha. Mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua hawezi kungoja, wala aliyepondwa na gari hawezi. Hao wapasuliwe mara moja. Lakini hata kwao jibu lina faida: mtaalamu wa nusukaputi akijua kwamba mgonjwa alilala na jiko, hatadanganywa na 98 ya kidoleni, atampa oksijeni kwa wingi, na ataagiza damu mapema badala ya kungoja kipimo kishuke. Kwa upasuaji uliopangwa, kuahirisha kwa siku moja si msiba.

Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya maswali ya usalama ya kuulizwa kabla ya upasuaji. Ni orodha njema, nayo imesaidia kuokoa maisha. Mojawapo ya maswali yake ni kama mgonjwa yumo hatarini kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu. Hakuna linalouliza kuhusu damu ambayo tayari imetekwa. Sisemi orodha hiyo ibadilishwe ulimwenguni kote kwa sababu ya shangazi yangu. Shirika lenyewe liliruhusu nchi na hospitali kuirekebisha kulingana na mazingira yao, nasi mazingira yetu twayajua. Kwa hiyo Wizara ya Afya na serikali za kaunti hazina budi kuongeza katika fomu zetu maswali mawili mepesi. La kwanza: usiku wa kuamkia leo ulilala wapi, na mlikuwa na moto gani ndani? La pili: je, kuna mwingine uliyelala naye ambaye kichwa chamuuma au anatapika? Maswali haya hayahitaji mtambo, umeme wala fedha za kigeni. Yahitaji nusu dakika tu.

Fauka ya hayo, yaulizwe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa mambo yake kwa lugha anayoielewa. Lakini fomu nilizoziona mimi zingali za Kiingereza, na kazi ya kuzifasiri huachiwa jamaa aliyesoma kidogo anayesimama kando ya kitanda. Jamaa huyo hajui ni neno lipi lina uzito na lipi ni la kupita. Nilikuwa jamaa huyo, nami nilikuwa nimesoma si kidogo, na bado sikujua. Vyuo vyetu vina idara za lugha na vina shule za udaktari, mara nyingi katika ua mmoja. Ni aibu kwamba hatujaketi pamoja kuziandika fomu hizi upya.

Mwisho, nawasihi wasomaji wasiyasome haya kama lawama kwa walio na jiko chumbani. Hakuna aliyezaliwa akipenda kulala na sumu. Watu huota makaa kwa kuwa kuna baridi, na kwa kuwa gesi na umeme vina bei. Mwenye jiko na alote jioni mlango ukiwa wazi, kisha alitoe nje kabla ya kulala, hata kama halitoi moshi. Anayepeleka mgonjwa kupasuliwa na amweleze daktari habari za moto wa usiku hata asipoulizwa.

Shangazi sasa ana nguvu, na amerudi katika kibanda chake cha chakula, ambacho alikitoboa dirisha kubwa upande wa juu. Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwomba msamaha kwa tafsiri yangu ya siku ile. Alishangaa. "Kwani ulikosea wapi, mwanangu? Uliniuliza yaliyoandikwa." Ni kweli, niliuliza yaliyoandikwa. Yule mzee mwenye mvi aliuliza yasiyoandikwa, na ndiyo maana shangazi yungali hai. Kwa kuwa hatuna wazee kama yeye katika kila wodi, yaliyomo kichwani mwake na yaandikwe.